Ulimi wa Kinanda

Nilianza kupiga kinanda nikiwa na miaka kumi na mmoja, katika misheni moja huko milimani Rungwe, na sababu ya kuchaguliwa haikuwa kipaji. Mke wa mwinjilisti, ambaye ndiye aliyekuwa anapiga kinanda cha kanisa, alitukalisha watoto sita kwenye kiti chake mmoja mmoja. Watoto watano miguu yao ilining'inia. Yangu ilifika kwenye vikanyagio. Basi, ikawa mimi.

Kilikuwa kinanda cha kukanyaga, kile ambacho unapiga vibao kwa vidole huku miguu ikienda chini na juu ili mivukuto iliyo tumboni mwake ivute hewa. Wamisionari walikileta zamani, kabla bibi yangu hajaolewa. Yule mama alikuwa mkali na hacheki. Somo lake la kwanza halikuwa vidole, lilikuwa miguu. "Ukikanyaga kwa woga, kitalia kwa woga," aliniambia. Shida ni kwamba mimi woga nilizaliwa nao. Mpaka leo nina zaidi ya miaka thelathini katika kazi hii, na hakuna siku niliyokaa mbele ya watu tumbo langu likatulia.

Vinanda vya zamani vimenifuata maisha yangu yote. Nilipokwenda kusomea ualimu Iringa, nilikuta ukumbini piano kuukuu ambayo hakuna aliyejua ilikotoka. Vibao vyake vilikuwa vya rangi ya meno ya mvuta tumbako. Kila mwezi wa sita, baridi ya Iringa ikishashika, nyuzi zake zililegea na wimbo wa furaha ukatoka kama wa msiba. Niliipiga hivyo hivyo, nikafundisha wenzangu hivyo hivyo, na baadaye nikaajiriwa hapohapo chuoni miaka kadhaa. Kisha niliolewa Mbeya, nikahamia Ilomba. Misheni moja ilikuwa inagawa samani zilizoharibika, nikapata kinanda cha kukanyaga kilichokuwa na sauti mbili zilizokufa. Nikakiweka sebuleni. Ndicho ninachofundishia mpaka sasa: wanafunzi wa sekondari, wanakwaya, nesi mmoja anayekuja akiwa bado na sare zake. Wananiuliza kwa nini wasijifunze kwenye kinanda cha umeme. Nawajibu kwamba cha umeme kinakusamehe, hiki hakisamehi.

Kinanda kizuri kuliko vyote kiko kanisani kwetu. Na ndicho nilichokiharibu.

Ilikuwa mwaka juzi. Kanisa letu lilikuwa linajiandaa kwa sherehe ya kuwakumbuka wazee waliolijenga. Wageni wangetoka mbali, na mchungaji aliomba kwamba siku hiyo kinanda cha umeme kisiguswe. Nyimbo zote zipigwe kwa kinanda cha zamani, na kabla ya mahubiri nipige peke yangu, bila kwaya, watu wasikilize tu. Nilisema ndiyo. Nilipofika nyumbani nililala chali juu ya kitanda mchana kweupe na viatu miguuni.

Aliyekuwa na dhamana ya kinanda hicho alikuwa mzee wa kanisa mmoja, mstaafu wa reli, mtu mrefu mwenye kunong'ona. Baba yake alikuwa mmoja wa vijana waliokibeba kinanda hicho mabegani kukipandisha milimani, wakati hakuna barabara. Kwa hiyo kwake kilikuwa kama kaburi la baba yake. Ufunguo wa kifuniko aliniachia, lakini kwa sharti moja ambalo alilirudia kila mwaka.

"Mwalimu, piga. Fundisha. Lakini skrubu usiguse. Tutamwita fundi kutoka Dar."

Fundi wa Dar hakuwahi kuja. Mimi nilikuwa nimejifunza kukifungua changu cha nyumbani na kukisafisha, ila cha kanisa sikuwahi kukigusa ndani.

Jumanne, siku tano kabla ya sherehe, sauti moja ilianza kukoroma. Ilikuwa la ya katikati, la ile ya do, re, mi, sauti ambayo kwaya yetu inaitegemea kama mtu anavyotegemea fimbo. Nilirudia mara ishirini. Ikakoroma mara ishirini, kama mtu mwenye mafua. Nilimpigia simu yule mzee, hakupokea. Kama angepokea, nadhani maisha yangu ya mwaka ule yangekuwa tofauti. Nilikaa nikiisikiliza la ile kichwani, nikijiona mbele ya wageni, ukimya umetanda, halafu mkoromo. Nikaenda nyumbani kuchukua bisibisi ya cherehani.

Inabidi nieleze kidogo. Ndani ya kinanda cha kukanyaga hakuna nyuzi. Kuna safu za vipande vyembamba vya shaba ya njano, kila kimoja kimefungwa kwenye fremu yake ndogo, na kila kimoja kina sauti yake. Tunaviita ndimi. Ukibonyeza kibao, hewa inapita kwenye ulimi wake, ulimi unatetemeka, sauti inatoka. Uchafu mdogo tu ukikwama hapo, sauti inakoroma.

Niliutoa ulimi wa la kwa ndoano niliyotengeneza kwa spoku ya baiskeli. Ulikuwa na kutu ya kijani pembeni. Kwenye dirisha la kanisa, penye mwanga, nilianza kuikwangua kutu hiyo kwa wembe, polepole, nikijiambia nisiharakishe. Muda wote nilikuwa nasikiliza mlango. Nje mtu alikohoa. Nikashtuka, kidole kikabonyeza, na ulimi ukakatika. Ulifanya "tik", sauti ndogo kuliko ya kuvunja njiti ya kiberiti.

Sikulia. Nilishika vile vipande viwili nikavitazama, nikajaribu kuvikutanisha kama mtoto aliyevunja sahani. Aliyekohoa alikuwa mpita njia tu. Nilirudisha mbao, nikafunga skrubu zote, nikakaa, nikakanyaga. La ikatoa hewa tupu. Fuuu.

Usiku huo na kesho yake asubuhi sikula. Nilijaribu kwenye kinanda changu cha nyumbani kupiga nyimbo zote za sherehe kwa kuiruka la. Haiwezekani. Ni kama kuongea siku nzima bila kutamka herufi moja. Ulimi wa kinanda changu usingefaa pia, kwa sababu ni mdogo zaidi na fremu yake ni fupi. Hapo nikampigia rafiki yangu wa Iringa, tuliyefundisha pamoja zamani. Nilimwambia nusu tu ya habari.

"Mlandege, hapa hapa Iringa, kuna bibi mmoja," alisema. "Mume wake, marehemu, alikuwa mpiga kinanda cha taarabu. Kile cha sanduku, cha kupeperusha kwa mkono. Nasikia bado anacho. Hivyo si ndani vina shaba kama vyako?"

Vina. Nilimwambia mume wangu naenda Iringa kumwona rafiki. Haukuwa uongo kamili, lakini alinitazama kwa muda kabla ya kusema, "Haya, safari njema." Kwenye begi niliweka viberiti viwili. Kimoja kilikuwa na ulimi uliokatika, umezungushiwa pamba. Cha pili kilikuwa na kosa langu la pili: nilirudi kanisani Jumatano jioni nikatoa na ulimi wa la ya chini, ule mzima, ili popote nitakapokwenda niwe na sauti ya kulinganishia. Sasa kinanda cha kanisa kilikuwa kimepungukiwa ndimi mbili, na zote mbili zilikuwa mapajani mwangu ndani ya basi.

Nilifika Mlandege Alhamisi saa saba mchana. Rafiki yangu alikuwa ameshampa bibi taarifa kwamba nakuja, na nyumba ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa la mwanawe, baraza limesuguliwa mpaka linang'aa. Bibi mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, amejitanda kanga, miwani imefungwa kwa uzi. Familia yao ilitoka pwani vizazi vingi vilivyopita, na Kiswahili chake kilikuwa laini mpaka nikaona aibu kwa changu cha milimani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Umetoka Mbeya leo? Basi kwanza ule."

"Asante, bibi, nimeshakula."

"Hujala. Uso wako unasema hujala."

Akaleta chai ya iliki na vitumbua. Nilivimeza kama dawa. Halafu nikamweleza yote: kanisa, sharti la mzee, wembe, tik. Kwa nini nilimwambia yeye ukweli mzima, nisiyemjua, na mume wangu nikamficha, sijui. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaenda chumbani akarudi na kinanda kimefungwa kwa shuka, akakiweka mkekani mbele yangu.

"Piga," alisema.

Kilikuwa sanduku la mbao nyekundu lenye vibao mbele na ubao wa kupeperushia nyuma. Unakaa chini, mkono wa kushoto unapeperusha hewa, wa kulia unapiga. Mimi nilizoea miguu. Nilijaribu wimbo rahisi kabisa na mkono wa kushoto ukasahau kazi yake, sauti ikafa katikati. Nikarudia, ikafa tena. Miaka thelathini ya kazi, na nilikuwa kama yule mtoto wa Rungwe. Bibi akacheka, akasogea, akaketi nyuma ya kinanda.

"Acha nikupepelee. Wewe piga kwa mikono yote miwili."

Nikapiga. Pumzi yake ilikuwa sawasawa, haina haraka, ikijaa pale ninapotaka kupanda na kupungua pale ninapotaka kushuka. Alikuwa hajawahi kuusikia wimbo ule. Kwa dakika chache nilisahau viberiti.

Nilipomaliza nilimwomba. Nilisema nahitaji ulimi mmoja tu, la ya katikati, na nitamrudishia mara fundi akipatikana.

"Hapana," alisema.

Alisema kwa upole, lakini haraka, kama mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo moyoni tangu nilipokuwa naeleza.

"Nikikupa huo, pengo litahama kwako litakuja kwangu. Wewe utasahau. Mimi nitakaa nalo humu ndani, kila nikibonyeza."

Alikuwa na haki. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Unakwenda wapi? Mimi nimesema sikupi changu. Sijasema hutapata. Marehemu alikuwa akivunjikiwa anakwenda kwa sonara. Yule mzee alishakufa, lakini mwanawe yupo, na tangu utotoni alikuwa anashika koleo."

Sonara alikuwa mtu wa makamo, mwenye kibanda chembamba chenye mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo. Aliutazama ulimi uliokatika kwa kioo chake cha jichoni kwa muda mrefu sana.

"Mama, hii baba alikuwa anafanya. Mimi nilikuwa nashikilia tu."

"Basi sasa shikilia na ufanye," bibi alimwambia.

Shaba aliipata kwenye tangi la karabai, ile taa ya mgandamizo ya zamani, iliyokuwa imetupwa chini ya meza. Alikata kipande, akakigonga kwa nyundo ndogo mpaka kikakaza. Alisema shaba laini haitetemeki, inalala tu. Ulimi wa kwanza ulipasuka alipoutoboa. Wa pili aliufunga vizuri kwenye fremu. Nikauweka mdomoni nikavuta hewa, kama mtu anayejaribu filimbi, na ukalia. Kisha nikavuta ulimi wa la ya chini, nikalinganisha. Mpya ulikuwa chini mno. Akakwangua ncha kidogo, maana ulimi ukipunguzwa ncha sauti inapanda. Nikavuta. Bado. Akakwangua. Bado. Akakwangua tena, na safari hii sauti ikapanda ikapita.

"Imezidi," nilisema.

Jua lilikuwa limeshashuka. Akafunga kibanda. "Kesho," alisema, "lakini kesho Ijumaa. Saa sita nafunga kwa ajili ya swala, na mchana sifungui."

Nililala kwa bibi. Asubuhi saa mbili tulikuwa kibandani, bibi amekuja na kinanda chake, mimi nimekibeba kichwani. Alitaka sonara aisikie la iliyo sahihi kwa nguvu. Alipoipiga, nikavuta ulimi wangu wa la ya chini, nikaganda. Nikavuta tena.

"Bibi, yako iko juu."

"Yangu haiko juu. Yenu iko chini."

Vinanda viwili havikuwa na la moja. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini kwenye kwaya ingekuwa kama mchanga kwenye ugali. Ina maana ule ulimi niliomwomba jana, ambao aliponinyima nilitaka kulia, nisingeweza kuutumia. Ningemwachia pengo bure. Bibi alinitazama juu ya miwani yake, akakifunika kinanda.

Basi tukabaki na la ya chini iliyomo kwenye kiberiti. Sonara alitengeneza ulimi wa tatu. Saa nne. Saa tano. Kila alipokwangua nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Alikwangua mara moja, akanipa, nikavuta, nikamrudishia. Saa tano na nusu, vijana waliokuwa wakielekea msikitini walianza kupita na kanzu zilizopigwa pasi. Saa sita kasoro dakika kumi nikavuta ulimi mpya, halafu wa zamani, halafu zote mbili kwa pamoja, na sauti hazikupigana.

"Niguse tena?" sonara aliuliza.

"Usiguse," tulisema wote wawili, mimi na bibi.

Basi la mchana lilinichukua mpaka Igawa bila tatizo. Pale Igawa tulisimama, kwa kuwa lori lilikuwa limelala barabarani mbele na magari yote yalizuiwa. Abiria wakashuka. Wanawake wa Kisukuma wanaouza mchele na maziwa mgando walituzunguka. Mama mmoja wao alinipisha kwenye kivuli cha mwavuli wake, nikakaa juu ya gunia. Nilikuwa nahesabu saa: kesho Jumamosi asubuhi narudisha ndimi, saa tisa mazoezi na kwaya, keshokutwa sherehe. Hakuna atakayejua. Hapo simu ikalia. Ilikuwa yule mzee wa kanisa, akaanza na salamu ya Kinyakyusa.

"Mwalimu, ndaga. Nipo kanisani napangusa kinanda. Mbona skrubu za nyuma zina alama mpya?"

Nilikuwa na uongo tayari. Nilikuwa nimeuandaa tangu Jumanne: panya, watoto, fundi wa umeme aliyekuja kuangalia nyaya. Mdomo ulifunguka na hakuna uongo uliotoka.

"Ni mimi, mzee. Nilifungua. Nilivunja ulimi wa la."

Nilisikia mlango wa kanisa ukigonga kwa upepo, upande wake wa simu.

"Uko wapi?"

"Igawa. Natoka Iringa. Nimetengenezewa mwingine. Ninao hapa."

"Na la ya chini nayo haitoi sauti."

"Ninayo hapa pia."

Alisema kwa sauti yake ile ya kunong'ona, "Kesho asubuhi saa moja. Usiguse kitu mpaka nije," akakata. Mama wa maziwa aliniuliza kama nimepokea habari za msiba. Nilimjibu hapana. Akanimiminia kikombe, nikanywa.

Usiku huo nilimwambia mume wangu kila kitu. Alichosema ni kwamba alijua kuna jambo kwa sababu nilikuwa nimeondoka na kiberiti wakati jiko letu ni la gesi.

Jumamosi saa moja mzee alikuwepo, amevaa koti. Hakunipa mkono. Alisimama nyuma yangu wakati nafungua skrubu, na niliisikia pumzi yake shingoni. Nilirudisha la ya chini. Nikaingiza ule mpya, ambao rangi yake iling'aa katikati ya wenzake waliofifia, kama jino la dhahabu. Nikafunga. Nikakaa, nikakanyaga, nikabonyeza.

Ililia.

"Siyo ile," mzee alisema.

Alisema kweli. Ilikuwa katika sauti yake, haikuwa juu wala chini, lakini ilikuwa na ukali kidogo, kama mtu mgeni anayeongea lugha yenu vizuri.

"Siyo ile, mzee. Ile haitarudi. Nisamehe."

Aligusa ubao wa kinanda kwa kiganja. "Baba alikuwa na kovu begani la kitu hiki," alisema. "Ningekuwa nimepokea simu yako Jumanne, ningekukataza."

"Najua."

"Na kingekoroma mbele ya wageni." Akaondoa kiganja. "Kesho utapiga. Baada ya hapo, kamati itakaa."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Nikipiga nyimbo za kwaya niliweza kujificha nyuma ya sauti zao. Ilipofika zamu ya kupiga peke yangu, mchungaji alikaa, watoto wakanyamazishwa, na nikasikia mlio wa vikanyagio vyangu. Katika wimbo ule la inakuja mara nyingi sana. Kila ilipokaribia, nyayo zangu zilibadilika zenyewe, zikapunguza nguvu, kama mtu anayepita kwenye daraja la mti mmoja. Sikumbuki uzuri wowote. Nakumbuka kusubiri tik. Haikuja. Nilipomaliza, watu walisema amina, na mgeni mmoja aliniambia baadaye kwamba sauti ya kinanda ilikuwa tamu. Nilikwenda nyuma ya ofisi ya mchungaji nikatapika.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Walinichukulia ufunguo. Kwa miezi mitano kijana wa kinanda cha umeme alipiga ibada zote, na mimi nilikaa kwenye benchi la akina mama kama muumini mwingine. Hawakunitukana, hawakunitenga, ila nilikuwa naona macho yao yanavyohama kwenda kwenye kitambaa cheupe kilichofunika kinanda na kurudi kwangu. Wanafunzi wawili waliacha kuja nyumbani. Mzazi mmoja aliniambia waziwazi kwamba amesikia naharibu vyombo. Kila Jumapili niliwaza kama ule ulimi unashika kutu kwa kukaa bila kupigwa.

Ufunguo ulirudi bila hotuba. Yule mzee aliuleta Ilomba mwenyewe, jioni moja, akakaa sebuleni na kunisikiliza nikimfundisha nesi. Nesi alipoondoka, alinieleza uamuzi. Nitapiga, na nitakisafisha mara mbili kwa mwaka, lakini kikifunguliwa tutakuwa wawili daima, na wa pili ni yeye.

"Nitashika taa," alisema. "Na wewe hutashtuka mtu akikohoa, kwa sababu atakayekohoa ni mimi."

Sasa tumeshakifungua mara tatu. Bado nasikia baridi mgongoni kila skrubu ya kwanza inapolegea. Lakini wanafunzi wangu nao nawafundisha kufungua, kwenye kile changu cha nyumbani, kwa sababu sitaki yeyote kati yao ajifunze peke yake dirishani, akisikiliza mlango.

Na Iringa naenda kila baada ya miezi miwili. Nilianza kwa kwenda kushukuru, nikaishia kuwa mwanafunzi. Bibi ananifundisha kupeperusha kwa mkono wa kushoto, na ananikaripia kuliko yule mke wa mwinjilisti. Mwezi uliopita mjukuu wake aliolewa. Alitaka kinanda cha babu yake kipigwe mbele ya wanawake, na vidole vya bibi, baada ya miaka mingi, vilikuwa bado vinajua njia, ila bega halikuwa na nguvu tena ya kupeperusha. Kwa hiyo mimi, Mkristo wa Ilomba, nilikaa mkekani nyuma ya kinanda kwenye ua wa Mlandege, nimevaa dera la kuazimwa, nikiwapepelea watu nisiowajua wimbo nisioujua. Nilikuwa na hofu ileile ya siku zote. Bibi alipiga, wanawake wakainuka kumtuza, wakapiga vigelegele, na mimi nilikazia macho vidole vyake ili nijue lini anataka pumzi zaidi.

Walipotuletea pilau nilimuuliza nimefanyaje.

"Umekimbiza," alisema, akichagua nyama. "Pale mwisho ulikuwa unanisukuma. Utakuja lini tena?"

Nilimwambia baada ya miezi miwili, Alhamisi ya wiki ya pili, Mungu akipenda.